Mwalimu Mkali na Timu Nyonge

Msomaji wangu, nataka kukuuliza swali ambalo huenda umekwisha kujiuliza mwenyewe jioni moja uwanjani, miguu ikiuma na jasho likikuingia machoni. Je, ni haki mtu mzima kumdai kijana zaidi ya vile kijana huyo anavyodhani kuwa anaweza? Na kama ni haki, mpaka wa haki hiyo uko wapi? Swali hili limevaa nguo za michezo, lakini moyo wake ni swali la maadili, kwa sababu lahusu jinsi mwenye mamlaka anavyopaswa kumtendea aliye chini yake.

Tulianze hapa Nairobi. Pale ambapo katikati ya jiji hukoma, na barabara ya Mombasa na ile ya Lang'ata hukutana na barabara kuu ya Uhuru, umesimama uwanja wa taifa wa Nyayo, uliofunguliwa mwaka 1983. Fikiria kwamba ni siku ya mashindano, na katika moja ya mabasi yanayoingia langoni wamo vijana wa shule ya mji mdogo wa mbali. Waliondoka kwao jogoo hajawika. Wengi wao leo ndiyo mara ya kwanza kuyaona majumba marefu ya jiji, na shingo zimewauma kwa kutazama juu. Wengine viatu vyao ni vya kuazima. Wakishuka wanakutana na vijana wa shule kubwa za magharibi ya Nairobi, waliozoea viwanja vipana vya majani tangu siku ya kwanza waliyoingia shuleni. Baadhi ya viwanja hivyo vina historia yake. Shule iitwayo leo Nairobi School, upande wa Kabete, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa jina la Prince of Wales. Na Lenana, karibu na barabara ya Ngong, ilianzishwa mwaka 1949 kwa jina la Duke of York. Zote mbili zilijengwa zamani hizo kwa ajili ya watoto wa Wazungu tu. Milango yake ilifunguliwa baadaye kwa watoto wote, lakini ni wazi kwamba washindani wetu wawili hawakuanza safari mahali pamoja.

Sasa mtazame mwalimu wa timu ile nyonge. Kwa miezi mingi amewaamsha vijana wake saa kumi na moja alfajiri. Hakukubali udhuru wa mvua wala wa baridi. Aliyechelewa alirudishwa bwenini na hakukimbia siku ile. Aliyejisifu alinyamazishwa, na aliyesema “siwezi” aliambiwa ajaribu tena. Je, mtu huyu ni rafiki wa vijana wale au ni adui yao?

Ziko rai mbili juu ya jambo hili, na kila moja ina watu wake. Rai ya kwanza husema kwamba timu nyonge ihurumiwe. Vijana hawa hawana viatu, hawana uwanja, chakula chao ni haba. Kwa nini waongezewe mzigo wa mwalimu mkali? Waache wacheze wafurahi, na wakishindwa, hakuna aliyetazamia vingine. Rai ya pili husema kwamba samaki mkunje angali mbichi. Kijana hajui lililo jema kwake, kwa hiyo asukumwe, akemewe, hata apigwe, maadamu kikombe kitarudi nyumbani.

Mimi naona kila rai imeshika nusu ya kweli na kuiacha nusu nyingine. Rai ya kwanza ina huruma, lakini huruma hiyo imeficha dharau. Anayesema kwamba watoto wa mji mdogo wasidaiwe kitu, amekwisha kuamua moyoni mwake kwamba hawana kitu cha kutoa. Hawezi kumdai maskini kwa sababu hamwamini kuwa ana mali. Rai ya pili ina imani juu ya uwezo wa kijana, lakini imani hiyo mara nyingi imeficha kiburi cha mwalimu mwenyewe. Kikombe hukaa katika ofisi ya shule, sifa humwendea mwalimu, na kijana hubaki na alama za fimbo.

Ili tusibishane hewani, natutazame mfano wa kweli. Katika nyanda za juu za Kenya, penye ukingo wa bonde la Kerio, uko mji mdogo wa Iten, ulioinuka kiasi cha mita 2,400 juu ya bahari. Humo imo Shule ya St. Patrick's, iliyoanzishwa mwaka 1961. Mwaka 1976 alifika hapo bruda mmoja kutoka Ireland, Colm O'Connell, kufundisha jiografia. Alikusudia kukaa muda mfupi. Hakuwa mwanariadha, wala hakuwa amesomea ufundishaji wa mbio. Alimkuta mwalimu Mwingereza, Peter Foster, akiwafundisha wanafunzi riadha, akawa msaidizi wake; na Foster alipoondoka, kazi ikabaki mikononi mwa bruda huyo asiyeijua. Vifaa vilikuwa vichache, na njia za mazoezi zilikuwa za vumbi. Wala wakati wenyewe haukuwa wa heri kwa wanariadha wa Kenya, maana nchi yetu haikupeleka timu katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1976 wala ile ya 1980, kwa sababu za siasa za dunia.

Katika shule hiyo walipita vijana ambao majina yao yalikuja kujulikana mbali. Ibrahim Hussein alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio ndefu za New York mwaka 1987, na za Boston mwaka 1988. Wilson Kipketer, aliyekuja kuikimbilia Denmark, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997. Lakini nataka nikueleze zaidi habari za Peter Rono.

Katika Olimpiki ya Seoul, mwaka 1988, Rono aliingia fainali ya mita 1,500 akiwa kijana wa miaka 21. Watu wengi hawakumtia katika hesabu. Kando yake alikuwapo Steve Cram wa Uingereza, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1983 na mwenye rekodi ya dunia ya maili moja. Rono alishika uongozi, akaongeza mwendo, na hakuna aliyempita hata mwisho. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 35.96; Peter Elliott akawa wa pili, Jens-Peter Herold wa tatu, na Cram mkubwa akawa wa nne. Wote wanne walifika katika muda usiotimia hata theluthi moja ya sekunde. Baada ya siku ile Rono hakupata tena ushindi mkubwa kama huo. Alisoma katika chuo kikuu cha Mount St. Mary's huko Marekani, akaendelea na maisha yake.

Hapa nakuomba usimame kidogo, msomaji. Kama deni la mwanafunzi kwa mwalimu wake ni ushindi, basi Rono alilipa mara moja tu, na maisha yake yote yaliyofuata alikuwa mdeni asiyelipa. Nani atasema neno la kipuuzi kama hilo? Kwa hiyo yatupasa kutafuta deni la kweli ni lipi.

Yako mambo mawili ambayo mwalimu aweza kumdai mwanafunzi. La kwanza ni jitihada: kuamka, kufika kwa wakati, kusikiliza, kurudia, kuvumilia, kusema kweli. La pili ni ushindi. Jitihada imo mikononi mwa mwanafunzi. Ushindi haumo mikononi mwake peke yake, kwa sababu yuko mshindani ambaye naye ameamka mapema, iko mvua, iko homa ya ghafula, yuko mwamuzi. Kumdai mtu kilicho chake ni kumheshimu, na kumdai kisicho chake ni kumdhulumu. Huu ndio mpaka tuliokuwa tukiutafuta. Mwalimu aweza kuwa mkali mno juu ya jitihada na akabaki mwadilifu. Akigeuza ukali ule kuwa juu ya ushindi, amekwisha kuvuka mpaka, hata kama sauti yake ni ya upole.

Bruda wa Iten hakusifika kwa makelele wala kwa fimbo. Alijulikana kwa kutazama sana, kusema machache, na kuwazuia vijana wasikimbilie sifa kabla ya miili yao kukomaa. Huo nao ni ukali, tena ni ukali mgumu, maana kumwambia kijana mwenye kasi “bado, ngoja” ni kumdai subira, na subira ni ghali kuliko jasho. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Tazama yaliyompata mwanafunzi wake mwingine, David Rudisha. Baba yake, Daniel Rudisha, alipata nishani ya fedha pamoja na wenziwe katika mbio za kupokezana vijiti mwaka 1968 huko Mexico. David aliingia mashindano ya dunia ya Berlin mwaka 2009 akiwa na matumaini makubwa, akashindwa hata kufika fainali ya mita 800. Mwalimu anayedai ushindi angalimlaumu, au angalimwacha na kutafuta mwingine. Hawakuachana. Mwaka uliofuata, katika uwanja ule ule wa Berlin, Rudisha aliivunja rekodi ya Kipketer. Mwezi Juni mwaka 2012 alikuja hapa Nairobi, katika uwanja wa Nyayo tuliouanzia, katika mashindano ya kuchagua timu ya Olimpiki, akakimbia kwa dakika 1 na sekunde 42.12. Nairobi imeinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na huko juu hewa ni nyepesi na pumzi hupungua. Ndiyo maana watu walistaajabu. Na tarehe 9 Agosti mwaka ule, mjini London, alishinda nishani ya dhahabu kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi mpya ya dunia.

Watu wote hukumbuka aliyekuwa wa kwanza siku ile. Mimi nataka ukumbuke aliyekuwa wa mwisho. Mtu wa nane katika fainali ile alikuwa Mwingereza, Andrew Osagie. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 43.77, na muda huo ulikuwa bora kuliko wowote aliowahi kukimbia maishani mwake. Miaka minne kabla yake, huko Beijing, Mkenya mwenzetu Wilfred Bungei alishinda dhahabu kwa dakika 1 na sekunde 44.65. Maana yake ni kwamba Osagie alikimbia kwa kasi kuliko bingwa wa Olimpiki iliyotangulia, naye akawa wa mwisho. Je, alikuwa ameshindwa? Kwa hesabu ya nishani, ndiyo. Kwa hesabu ya deni la kweli, alikuwa amelipa kila senti. Mwalimu ambaye angalimkemea siku ile angalikuwa hajui alichokuwa akikifundisha.

Lakini usidhani kwamba kosa la kudai ushindi ni kosa dogo la maneno tu. Lina watoto wabaya. Mtu akidaiwa asichokuwa nacho, atakopa au ataiba. Ndipo shule huwaingiza uwanjani mamluki, watu wazima waliovaa sare za wanafunzi. Ndipo vyeti vya kuzaliwa hupunguzwa miaka. Ndipo mwanariadha hununua dawa za kuongeza nguvu. Na balaa hilo liliisumbua nchi yetu mpaka Bunge likatunga sheria ya kulipiga vita mwaka 2016. Na ndipo fimbo huingia mazoezini, ingawa adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010, katika ibara yake ya 29, inamlinda kila mtu na adhabu ya namna hiyo. Wanaofanya mambo hayo si wote waliozaliwa waovu. Wengi wao walidaiwa ushindi, na hawakuona njia nyingine ya kuulipa.

Huenda unataka kunipinga, na ni haki yako. Utasema: “Michezo ni ya kushindana. Kama ushindi si kitu, kwa nini tuhesabu mabao? Kwa nini tusikae nyumbani tukajisifu kwa jitihada zetu?” Sikusema kwamba ushindi si kitu. Ushindi ni jambo tamu na ni halali kuutamani. Bila kuutamani, jitihada yenyewe hulegea. Mkulima hutamani mavuno, na asiyetamani mavuno halimi vizuri. Lakini bwana shamba mwenye akili humkagua mkulima kwa kulima, kupanda na kupalilia. Hampigi kwa sababu mvua haikunyesha.

Tena utasema: “Watu wa Iten wamejaliwa. Wanaishi juu, wamezaliwa na mapafu, na kabla yao alikuwapo Kipchoge Keino aliyewaonyesha njia.” Ni kweli, na ni vizuri kulisema hilo wazi. Si kila mji mdogo utatoa bingwa wa dunia hata mwalimu wake akiwa malaika. Basi neno hili halivunji hoja yangu, bali laipa nguvu. Kwa kuwa vipawa havikugawanywa sawa, mwalimu mwadilifu hawezi kuwadai vijana wote matokeo yaliyo sawa. Aweza kuwadai wote uaminifu ulio sawa.

Liko pingamizi la tatu, nalo ndilo linalonisumbua mimi mwenyewe. Timu ya mpira ina nafasi kumi na moja. Yuko kijana ambaye amelipa deni lake lote, ameamka kila alfajiri, hakukosa siku moja. Na siku ya safari ya Nairobi jina lake halisomwi, kwa sababu mwingine ana mguu mwepesi kuliko wake. Je, hapo haki iko wapi? Siwezi kukudanganya kwamba kijana huyo haumii. Anaumia, na maumivu yake ni ya kweli. Nisemalo ni kwamba mwalimu anayo wajibu juu yake ulio mkubwa kuliko juu ya wale waliochaguliwa. Amwite kando, amweleze kwa uwazi sababu ya uamuzi wake, asimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, na amwonyeshe kwamba alichojenga miezi ile yote, yaani mwili wenye afya, kuamka bila kuitwa na neno lisilovunjwa, hakikuwa cha timu. Kilikuwa chake, na hakuna orodha ya majina inayoweza kukifuta. Mwalimu akiwa mkali kwa jitihada za kijana kisha akamsahau siku asipomhitaji, huyo alikuwa mnunuzi wa miguu, hakuwa mwalimu.

Kwa hiyo, ukitaka kumpima mwalimu wako mkali, nakupa alama tatu. Ya kwanza: je, yeye mwenyewe hulipa anachodai? Akidai alfajiri, je, hutangulia uwanjani, au hupiga filimbi dirishani huku amejifunika shuka? Ya pili: je, huwa mtu wa namna gani siku ya kushindwa? Siku ya ushindi walimu wote hufanana. Siku ya kushindwa mmoja hutafuta mtu wa kulaumiwa, na mwingine hutafuta jambo la kurekebishwa. Ya tatu: je, vijana wake huwaje asipokuwapo? Kama akiondoka nao hulala, aliwafundisha kumwogopa. Kama akiondoka nao huamka, aliwafundisha kuamka.

Alama hii ya tatu yanirudisha kwako, maana insha hii haikuandikwa kuwahukumu walimu peke yao. Ukiwa na mwalimu anayekudai jitihada, usimwite katili kwa sababu tu kitanda ni kitamu. Umepata mtu anayekuamini kuliko unavyojiamini. Watu wa namna hiyo ni wachache, na wengi wetu huwatambua wakati tumekwisha kuachana nao. Lakini ukiwa na mtu anayekudai ushindi kwa fimbo, kwa uongo au kwa dawa, jua kwamba una haki ya kukataa na kumwambia mtu mwingine unayemwamini, wala kukataa huko si uvivu.

Sasa turudi Nyayo. Jioni imeingia, na taa za jiji zimewaka. Vijana wetu wa mji mdogo wamekuwa wa nne katika watano. Hakuna kikombe. Basi lao linapanda barabara ya Waiyaki kuelekea magharibi, Westlands inapita, Kangemi inapita, baridi ya milimani inaanza kuingia dirishani. Mwalimu amesimama mbele ya basi, ameshika chuma, anawahesabu vijana wake mmoja mmoja kuhakikisha hakuna aliyeachwa. Amekwisha kuhesabu mara mbili. Kisha anawaambia kwamba mkimbiaji wa mwisho wa kupokezana vijiti amepunguza sekunde mbili, na kwamba waliobadilishana kijiti vibaya wataanza na zoezi hilo. Anasema kesho ni mapumziko. Keshokutwa, saa kumi na moja.

Kijana mmoja anaguna. Wengine wanacheka. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na vijana wale wamekubali, wala hawakuacha kuwa washindani. Keshokutwa, msomaji, ungependa kuwa nani katika timu ile: yule atakayengoja mlango ugongwe, au yule ambaye mwalimu atamkuta amekwisha kufunga kamba za viatu?